Breki ya Nyuma Inayoshika Bila Kukanyagwa: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo

Breki ya nyuma inayobaki imeshika baada ya dereva kuondoa mguu kwenye pedali ni hitilafu inayokua kimyakimya. Breki ya mbele ikishika, mara nyingi usukani huvuta upande mmoja na dereva hushtuka mapema. Ya nyuma ikishika, gari huendelea kwenda sawa tu, likiwa zito kidogo na likinywa mafuta zaidi kidogo, hadi siku harufu ya kuungua inapoingia ndani, au pedi zinapokwisha upande mmoja huku za upande wa pili zikiwa bado nene. Kufikia hapo huenda diski imekwisha kubadilika rangi kwa joto, grisi ya beringi imeharibika, na mafuta ya breki yaliyomo ndani ya kalipa (chuma kinachozibana pedi kwenye diski) yamechemshwa mara nyingi kuliko yanavyopaswa.

Gurudumu linaloshikwa namna hii hushikwa na kimoja kati ya vitu vitatu: waya wa breki ya mkono ambao haukulegea, msukumo wa mafuta uliokwama ndani ya mfumo, au vyuma vyenyewe vilivyoganda kwa kutu na uchafu. Kwa dereva vyote vitatu huonekana sawa. Tena vyote vitatu huweza kutoweka kwa pamoja mara tu unapofungua kalipa, kwa sababu kitendo hicho kimoja hulegeza waya, hurudisha pistoni nyuma na hutikisa vyuma vilivyoganda. Gurudumu likizunguka vizuri baada ya hapo, hujui umeponya nini. Nimewahi kuletewa gari ambalo kalipa yake ya nyuma ya kushoto ilikuwa imebadilishwa mara mbili kwa vipuri vipya kabisa, na kila mara breki ilirudi kushika baada ya siku chache. Chanzo kilikuwa waya wa breki ya mkono uliooza ndani ya ala yake, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Kwa hiyo naomba msomaji afuate mpangilio wa vipimo kama ulivyo hapa, kwani umepangwa ili kipimo kimoja kisifute ushahidi wa kinachofuata.

Kuthibitisha kwamba breki kweli inashika

Anza barabarani. Tafuta njia tulivu, endesha kwa takriban dakika kumi na tano ukitumia breki kwa uchache iwezekanavyo, kisha tafuta mahali tambarare na uliache gari lipungue mwendo lenyewe gia ikiwa huru. Gari lenye afya husimama taratibu. Lenye breki iliyoshika hupungua mwendo kama linalopanda kilima, na mwishoni husimama kwa ghafla kidogo. Kwenye mteremko mdogo sana, gari ambalo lingepaswa kujiviringisha lenyewe hubaki limesimama.

Mara tu baada ya kusimama, pima joto la magurudumu yote manne. Kipimajoto kinachopima bila kugusa ndicho chombo bora kwa kazi hii, na elekeza mwanga wake mahali palepale kwa kila gurudumu: kwenye uso wa diski ikiwa unaonekana kati ya mikono ya ringi, au kwenye dramu yenyewe, yaani ngoma ya chuma ambayo viatu vya breki huisugua kwa ndani. Usishangae breki za mbele zikiwa na joto zaidi, kwa sababu ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya kushoto na kulia ya ekseli ileile. Tofauti ya nyuzi chache haina maana. Upande mmoja ukiwa na nyuzi 40 na mwingine 110, jibu umekwisha kulipata. Asiye na kipimajoto anaweza kusogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa, na tofauti kubwa itajionyesha. Usiguse diski wala dramu, na kamwe usimwagie maji diski iliyopata moto ili ipoe, kwani inaweza kupinda au kupasuka. Ikiwa gurudumu linatoa moshi, usiegeshe juu ya majani makavu.

Andika matokeo, na andika pia ni magurudumu gani mengine yaliyokuwa na joto lisilo la kawaida, kwa sababu mchanganyiko wa magurudumu hueleza mengi. Gurudumu moja la nyuma peke yake huelekeza kwenye kitu kilichoko kwenye gurudumu hilo au karibu nalo. Magurudumu yote mawili ya nyuma huelekeza kwenye breki ya mkono, hasa sehemu inayotumika na pande zote mbili. Gurudumu la nyuma la upande mmoja pamoja na la mbele la upande wa pili ni dalili ambayo wengi huipuuza: magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yamegawanywa njia mbili za mafuta kimshazari, kwa hiyo jozi hiyo huelekeza moja kwa moja kwenye nusu moja ya silinda kuu, yaani pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali. Yakishika yote manne, tazama pedali, busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu), silinda kuu na usafi wa mafuta kabla ya kugusa gurudumu lolote.

Zipo hitilafu mbili zinazojifanya breki. Beringi iliyochakaa hutoa joto pia, lakini joto lake hukaa zaidi katikati ya gurudumu, na huambatana na mvumo unaobadilika kadiri mwendo unavyobadilika. Sahani ya kukinga vumbi iliyopinda hadi kugusa diski hutoa mlio mkali wa bati bila kuongeza joto la maana, na huondoka kwa kuipinda irudi mahali pake.

Kuinua gari na kuzungusha magurudumu

Egesha mahali pagumu na tambarare, na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Kabari hizi si za kuachwa, kwa sababu katika kazi hii breki ya mkono lazima iachiwe na gia lazima iwe huru. Legeza nati za magurudumu ya nyuma kidogo gari likiwa bado chini, inua sehemu ya nyuma kwa jeki katika sehemu zilizotengwa na mtengenezaji, kisha uliketishe gari juu ya stendi mbili imara. Usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika.

Ikiwezekana fanya hivi breki zikiwa bado na joto la safari, kwa kuwa hitilafu nyingi za aina hii hujitokeza vyuma na mafuta vinapopata moto, na hujificha gari likilala usiku kucha. Zungusha kila gurudumu kwa mkono na ulinganishe. Gurudumu la diski halizunguki bila kelele hata likiwa zima. Pedi hugusa diski kidogo sana na husikika mchakacho mwepesi, na gurudumu huendelea mzunguko mmoja au zaidi baada ya kusukumwa kwa nguvu. La dramu likiwa zima huzunguka kwa urahisi zaidi. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, uzito wa difa (gia za ekseli ya nyuma) na shafti utausikia kwenye magurudumu yote mawili kwa usawa, na upande wa pili unaweza kuzunguka kinyume. Huo si ubovu. Gurudumu linalokataa kuzunguka, au linalosimama papo hapo unapoacha kulisukuma, ndilo tunalolitafuta. Likishika sehemu moja tu ya mzunguko na kuachia sehemu nyingine, shuku diski iliyopinda au dramu iliyopoteza uduara wake.

Likizunguka vizuri, mwombe mtu akanyage pedali kwa nguvu mara tatu kisha aiachie kabisa, uzungushe tena. Halafu avute breki ya mkono hadi mwisho na kuiachia, uzungushe mara ya tatu. Baada ya vitendo hivi viwili utakuwa na fununu nzuri: likishika baada ya pedali, fuata njia ya mafuta na vyuma, likishika baada ya breki ya mkono, fuata waya.

Waya wa breki ya mkono kwanza

Waya huchunguzwa mwanzo kwa sababu unaonekana kwa macho na kuuchunguza hakumwagi tone la mafuta. Gurudumu likiwa limeshika, ingia chini na uutazame mkono mdogo wa chuma ulio nyuma ya kalipa, ule unaovutwa na waya. Breki ya mkono ikiwa imeachiwa, mkono huo lazima uwe umeegemea kikomo chake kabisa. Ukiwa umebaki umesogea hata milimita chache, usukume kwa bisibisi urudi nyuma. Ukirudi kwenye kikomo na gurudumu likaachia, basi ama waya unakwama ndani ya ala yake, ama springi ya kurudishia imechoka, ama ekseli ndogo ya mkono huo imeshika kutu ndani ya kalipa.

Kutofautisha hayo ni rahisi: legeza waya na uuchomoe kwenye mkono wa kalipa. Mkono uliotenganishwa ukirudi kwa kishindo kwenye kikomo, kalipa haina kosa, na kosa ni la waya. Ukirudi kwa uvivu au ukibaki ulipo, kalipa yenyewe ina kutu ndani. Kisha ushike waya uliouchomoa na uuvute na kuusukuma ndani ya ala yake. Waya mzima huteleza. Ulioharibika husuasua, na mara nyingi utaona ala imepasuka mahali fulani na maji yamekuwa yakiingia kwa muda mrefu. Kupaka grisi kwenye waya wa namna hiyo ni kuahirisha tatizo kwa wiki chache, na mimi siipendekezi, waya hubadilishwa.

Ikiwa magurudumu yote mawili ya nyuma yanashika, fuatilia pia kile kipande kinachogawa mvuto wa mkono mmoja kwenda kwa waya wa kushoto na wa kulia, kwa maana kikiganda kwa kutu huzivuta pande zote mbili au huuonea upande mmoja. Tazama vilevile kama kuna mtu aliyekaza waya kupita kiasi. Hili ni kosa la kawaida mno: breki ya mkono inapopanda juu kuliko ilivyozoeleka, mtu hukaza waya badala ya kurekebisha viatu au pedi zilizolika. Waya uliokazwa sana huizuia kalipa au viatu kurudi mwisho, na huzuia pia utaratibu wa ndani unaojirekebisha wenyewe kadiri pedi zinavyolika, hivyo hali huzidi kuwa mbaya kila siku.

Magari mengi yenye breki ya mkono ya umeme hayana mkono huo wala waya kwenye kalipa, bali mota ndogo. Hapa usilazimishe chochote kwa bisibisi au nyundo. Sikiliza kwanza: mota za pande zote mbili zinapaswa kusikika zikifanya kazi kwa muda unaolingana wakati wa kuachia. Upande uliokaa kimya, au unaonguruma kwa muda mfupi kuliko mwenzake, ndio wa kuchunguzwa, na kompyuta ya kusomea hitilafu za gari itahitajika ili kuirudisha pistoni salama.

Je, ni msukumo wa mafuta?

Waya ukiwa umetenganishwa na gurudumu bado limeshika, sasa tunauliza kama ni mafuta yanayolishikilia. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu. Hakikisha gurudumu limeshika wakati huo huo unapofanya kipimo hiki; kama limeachia, mwombe msaidizi akanyage pedali na kuiachia hadi lishike tena. Vuta kofia ya mpira kwenye skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa au nyuma ya sahani ya dramu, vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani ukielekea kwenye chupa, kisha fungua skrubu robo mzunguko kwa spana ya mviringo. Mafuta yakitoka kwa mruko mfupi na gurudumu likaachia palepale, msukumo ulikuwa umekwama. Yakichuruzika tu kwa uzito wake na gurudumu likabaki limeshika, chanzo ni vyuma. Funga skrubu mara moja baada ya kupata jibu ili hewa isiingie.

Ukishathibitisha kwamba ni msukumo, kazi inayobaki ni kujua umekwama wapi kati ya pedali na gurudumu. Kipimo hiki ndicho ambacho hufanywa vibaya kuliko vyote, kwa sababu watu huishia kwenye skrubu ya gurudumuni na kuhitimisha kwamba hosi ni mbovu. Lakini skrubu hiyo iko mwisho wa njia. Kuifungua huondoa msukumo popote ulipokuwa umekwama. Ni lazima uanze juu ukishuka, na kabla ya kila hatua ulishikishe gurudumu upya.

Anzia kwenye pedali. Lazima uwe na nafasi ndogo ya milimita chache ambapo pedali husogea bila kusukuma chochote. Nafasi hiyo ikikosekana, pistoni ya silinda kuu hairudi mwisho, na kile kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kopo la mafuta ya breki hubaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka, yanakosa pa kwenda, na hukaza breki yenyewe. Hii ndiyo maana gari la namna hii huondoka asubuhi likiwa jepesi na kuzidi kushika kadiri safari inavyoendelea. Swichi ya taa za breki iliyosogezwa vibaya, kapeti lililojikunja chini ya pedali, au ekseli ya pedali iliyokauka grisi, vyote huweza kuleta hali hiyo.

Pedali ikiwa huru, zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa kumaliza nguvu ya busta, kisha legeza nati mbili zinazofunga silinda kuu kwenye busta na uivute silinda mbele milimita tatu au nne bila kupinda mabomba. Gurudumu likiachia, fimbo inayotoka kwenye busta ni ndefu mno au busta hairudi. Silinda kuu haina kosa. Hili hutokea mara nyingi pale ambapo silinda au busta ilibadilishwa karibuni na fimbo haikupimwa.

Gurudumu likiwa bado limeshika, kaza nati hizo, kisha legeza kiungo cha bomba la chuma kwenye silinda kuu linalokwenda upande unaohusika, ukiwa umekizungushia kitambaa. Likiachia, silinda kuu ndiyo inayozuia mafuta kurudi. Lisipoachia, kaza, ushuke hadi kwenye kiungo ambapo bomba la chuma hukutana na hosi karibu na gurudumu, na ulegeze hapo. Likiachia hapo, mafuta yalikuwa yamezuiliwa kati ya silinda na hosi, yaani kwenye kifaa cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki inapokanyagwa), kwenye vali ya kugawa msukumo wa nyuma, au kwenye bomba lililogongwa likabonyea. Lisipoachia hapo lakini likaachia kwenye skrubu ya kalipa, sasa ndipo una haki ya kuilaumu hosi. Hosi ya zamani hujitenga matabaka ndani, kipande cha mpira kikawa kama mlango unaofunguka upande mmoja: nguvu ya mguu husukuma mafuta yapite, lakini nguvu ndogo ya kurudi haiwezi kuufungua. Kwa nje inaweza kuonekana nzuri kabisa. Tazama pia pale inapobanwa na braketi ya chuma, kwa sababu kutu inayovimba chini ya braketi hiyo huikaba hosi kama kidole kinavyokaba mrija.

Usafi wa mafuta unastahili neno lake. Mpira wa kifuniko cha kopo ukiwa umevimba na kulegea hata hautoshi tena mahali pake, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu alimimina mafuta ya injini au ya usukani kwenye mfumo wa breki. Mafuta ya asili ya petroli huvimbisha mipira ya mfumo mzima, na hakuna njia ya mkato: kila kifaa chenye mpira hubadilishwa na mabomba husafishwa. Kwa mfumo ulio salama, tumia daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa angalau nyuzi 205 za Selsiasi na DOT 4 kwa angalau 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na zikishanyonya viwango vya chini hushuka hadi 140 na 155. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo.

Vyuma vilivyoganda kwenye breki ya diski

Ondoa gurudumu na uzitazame pedi mbili kabla ya kufungua chochote. Pedi ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje, mara nyingi pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimeganda, au pistoni hairudi. Pedi iliyolika kimshazari, upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, huonyesha pini moja imeganda na nyingine haijaganda, au masikio ya pedi yamekwama kwenye braketi. Shika kalipa kwa mikono miwili na ujaribu kuitelezesha ndani na nje. Inapaswa kusogea, hata kama kwa uzito kidogo.

Fungua pini moja moja na ukumbuke kila moja ilikotoka, kwani katika kalipa nyingi pini mbili hazifanani na mojawapo huwa na kipete cha mpira. Zisafishe kwa brashi ya waya na kisafisha breki, safisha na matundu yake, na uzipake grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira, na pini uliyoiponya leo itaganda tena baada ya miezi michache. Pini iliyoliwa na kutu hadi kuwa na vishimo haisafishwi, hubadilishwa.

Toa pedi kwa mkono. Zikihitaji nyundo ili zitoke, umekwisha kupata angalau sehemu ya chanzo: kutu imeota chini ya vibati vya braketi na kuyabana masikio ya pedi. Toa vibati, kwangua kutu hadi chuma kionekane, weka vibati vipya, na uhakikishe pedi zinaingia na kutoka kwa vidole. Wengine hukwangua masikio ya pedi badala ya braketi. Huo ni ukarabati wa upande usio na kosa.

Inabaki pistoni. Hurudi nyuma baada ya breki kwa sababu ya mpira wa mraba unaoizunguka, ambao hupinda kidogo pistoni inapotoka na kujinyoosha mguu unapoachia, ukiivuta nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Kutu nyuma ya mpira huo, au kwenye uso wa pistoni pale ambapo mpira wa vumbi umechanika, inatosha kuushinda mvuto huo mdogo. Fungua skrubu ya kutolea hewa, mpira wake ukiwa ndani ya chupa, kisha irudishe pistoni taratibu. Kalipa yenye breki ya mkono ndani yake kwa kawaida huhitaji pistoni izungushwe huku ikisukumwa, kwa kifaa chenye meno yanayoingia kwenye mifuo ya pistoni. Kuibana kwa nguvu bila kuizungusha huvunja utaratibu wa ndani. Ikigoma hata skrubu ikiwa wazi, kalipa hiyo hukarabatiwa kwa mipira mipya ikiwa uso wa pistoni ni laini, ama hubadilishwa.

Magari mengine yana diski kwa ajili ya pedali na viatu vidogo vya breki ya mkono ndani ya dramu iliyofichwa katikati ya diski. Kalipa ikiondolewa na diski bado haizunguki, chanzo kiko humo: viatu vimekazwa mno, au kitambaa cha msuguano kimebanduka kwenye chuma chake na kujikunja ndani.

Vyuma vilivyoganda kwenye breki ya dramu

Dramu ikikataa kutoka, tafuta kitundu cha kurekebishia nyuma ya sahani na uvirudishe viatu nyuma kabla ya kutumia nguvu. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye hesi, ambayo bolti zikikazwa kwa zamu huisukuma itoke bila kuipiga. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, na vumbi la viatu vipya nalo si la kuvuta. Lilowanishe kwa kisafisha breki na ulifute.

Kwa kuwa mpangilio wa springi husahaulika upesi, piga picha, na ufungue upande mmoja tu kwa wakati mmoja ili wa pili ubaki kuwa kielelezo. Kisha chunguza mambo haya. Mkono wa breki ya mkono ulio kwenye kiatu lazima urudi hadi kikomo chake. Springi za kurudishia zisiwe zimenyooka, kufunguka mapindo au kubadilika rangi kwa joto. Zile nundu za sahani ambazo viatu huteleza juu yake, kwa kawaida tatu kwa kila kiatu, zisiwe na mifuo, kwa sababu kiatu kikizama kwenye mfuo hukwama humo kila breki inapokanyagwa, na hilo hufanana kabisa na silinda iliyoganda. Inua kingo za mipira ya silinda ya gurudumu: unyevu mdogo huvumilika, lakini mafuta yanayotiririka ni amri ya kubadilisha silinda. Mwombe msaidizi akanyage pedali kidogo sana huku ukizuia viatu visitoke, uone kama pistoni zote mbili husogea na kurudi. Hatimaye zungusha gurudumu la nyota la kurekebishia. Liwe jepesi, na usichanganye la kushoto na la kulia, kwa kuwa kwa kawaida hesi zake zina mwelekeo tofauti.

Kurudisha na kuhakiki

Pedi, viatu na diski hubadilishwa kwa jozi za ekseli nzima, hata kama upande mmoja ndio ulioungua. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umechongwa kwenye diski yenyewe. Rangi ya buluu kwenye uso wa diski, au nyufa zinazoonekana kwa macho, zinatosha kuikataa. Ikiwa joto lilikuwa kali, badilisha mafuta ya breki na utoe hewa. Popote ulipofungua kiungo cha bomba, kutoa hewa ni lazima.

Marekebisho yana mpangilio wake: viatu au pedi kwanza, waya mwisho. Waya ukiwa umelegezwa kabisa, rekebisha viatu hadi viguse dramu kidogo na kuachia, au kanyaga pedali mara nyingi ili kalipa ijipange. Ndipo ukaze waya, ukihakikisha kwamba breki ya mkono ikiachiwa ile mikono midogo iko kwenye vikomo vyake. Zungusha magurudumu, kanyaga, zungusha tena, vuta breki ya mkono, achia, zungusha mara ya mwisho. Kaza nati za magurudumu kwa kipimo cha mtengenezaji gari likiwa chini, na kabla ya kuondoka kanyaga pedali hadi iwe ngumu, kwa kuwa pistoni zilizorudishwa nyuma huacha pedali ikizama hadi chini mara ya kwanza.

Rudia safari ileile ya dakika kumi na tano uliyoanza nayo, pima joto mahali palepale, na ulinganishe na yale uliyoandika. Joto la kushoto na la kulia likikaribiana, pima tena baada ya siku mbili tatu za matumizi ya kawaida, ukizingatia zaidi safari ndefu ya mchana, kwa sababu waya unaooza na hosi iliyojitenga huweza kutulia siku moja na kurudi kushika siku ya pili.